Punda Wetu Bado Hawajapita

Kuna walimu walioitwa kufundisha hesabu, wengine wakaitwa kupuliza filimbi, na kuna huyu wetu, ambaye Mungu alimwita awalaze watoto wa watu mchana kweupe. Tulimwita Mwalimu wa Nasari. Serikali ilibadilisha jina la darasa lake mara kadhaa, kila mara kwa semina na soda, lakini jina lake yeye halikubadilika. Nina hakika siku akifika mbinguni malaika wa mlangoni watamwita vivyo hivyo, kisha wamuulize kama amekuja na mikeka.

Mimi nilifundisha darasa la kwanza, upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba, katika shule yetu ya hapa Kalamba. Ukuta ule ulizuia macho tu. Siku yake niliijua kwa masikio: asubuhi kelele, kisha nyimbo, kisha vikombe vya uji, kisha hadithi, kisha kelele za nje, kisha sahani. Halafu, wakati mimi niko ubaoni napambana na herufi na jasho, kimya. Kimya kizito cha watu walioshiba wakalala. Hakuna kinachomuudhi mwalimu mwenye chaki mkononi kama kusikia darasa la jirani likikoroma.

Usingizi huo ndio uliomletea sifa, na ndio uliomletea vita vyake vyote. Watoto wengi wa nasari walikuja na kaka na dada zao kutoka vilima vya mbali, na hawakuweza kurudi peke yao, kwa hiyo ilibidi wangoje mpaka wakubwa wamalize masomo. Shule nyingine zilijaza saa hizo za mchana kwa kuwaongezea watoto herufi. Yeye alizijaza kwa mikeka. Wazazi walisema anapoteza wakati, mwalimu mkuu akasema anapoteza jina la shule, na yeye akasema mtoto aliyeamshwa alfajiri akatembezwa vilima vile, asipolala mchana, ataanza kuwauma wenzake. Mabishano haya yalidumu miaka, na kila upande ulikuwa na alama za meno za kuonyesha.

Alikuwa msusi wa vikapu, na alikuwa na msemo wake kuhusu siku ya mtoto, aliousema bila kuulizwa. "Siku ya mtoto ni kiondo. Ukikaza uzi upande mmoja na kulegeza mwingine, kinapinda, na kikishapinda hakisimami." Basi kila kitu darasani kwake kilifuatwa na kinyume chake. Waliokaa walisimamishwa. Waliopiga kelele walinong'onezewa hadithi. Waliotumia vidole kuhesabu mbegu na vifuniko vya soda walipelekwa nje kutumia miguu. Hakuna somo lililozidi uvumilivu wa mtoto mdogo kuliko wote, na mtoto mdogo kuliko wote kila mwaka alikuwa hana uvumilivu hata kidogo. Semina zilimfundisha kuyaita mambo haya kwa maneno marefu, akarudi na cheti, akakitumia kufunika ndoo ya maji ya kunywa.

Baada ya usingizi, kipindi alichokilinda zaidi kilikuwa cha kucheza wapendavyo. Hapo hakuruhusu mtu mzima kuingilia, hata yeye mwenyewe. Watoto wa shule nyingine, nasikia, hucheza duka na daktari. Wa kwake walicheza mazishi. Walikuwa na mchungaji, kwaya, ndugu wa marehemu waliogombania kipaza sauti cha gunzi, na mwanasiasa aliyefika amechelewa akahutubia kuliko wote, huku marehemu akijikuna chini ya leso. Siku moja mwalimu mkuu alipita akakuta maiti ameketi anadai zamu yake ya kuwa mwanasiasa. Akataka mchezo upigwe marufuku.

"Mwalimu, wacha wamalize," akaambiwa na Mwalimu wa Nasari. "Imebaki tu sala ya mwisho."

Mwalimu mkuu, mtu wa kanisa, alisimama pale uani, akavua kofia, akangoja sala ya mwisho. Aliposikia jina lake likitajwa kati ya wafiwa alisema amina. Marufuku aliisahau.

Hata Jumapili hakujua kuacha. Mahubiri yakianza aliwakusanya watoto akatoka nao nyuma ya kanisa, wakaimba, wakakimbia, wakalala. Mchungaji wetu alilalamika kwamba watu wazima wanawafuata kwa macho ya tamaa. Sikumlaumu mchungaji, lakini mahubiri yake yalikuwa na nguvu ileile ya kulaza watu, tena bila mkeka.

Jambo moja alilokuwa nalo hata mimi nililikubali, ingawa sikumwambia. Hakumlazimisha mtoto kulala. Alitandika mikeka, akafunga dirisha nusu, akasema maneno yaleyale kila siku kwa sauti ileile ya chini: "Hakuna anayelazimishwa kulala. Lala chini tu. Macho yatajiamulia." Kulikuwa na wabishi waliolala na macho kama ya bundi. Hakuwagombeza. Alisimama mlangoni akisuka kiondo chake, na mzunguko wa pili wa uzi ukianza wale wabishi nao walikuwa wamekwenda na usingizi.

Sasa usidhani mtu huyu aliyepima siku za watoto hivyo alikuwa na siku yake iliyopimwa. Alifika shuleni sweta nje ndani. Alikula akiwa amesimama, muthokoi wa mahindi na maharagwe aliokwangua chini ya sufuria ya watoto. Kunde zake zilipandwa wenzake wakipalilia, na mbuzi wake walijulikana soko zima kwa sauti zao za njaa. Kusema kweli sikumbuki kumuona ameketi. Ukimvutia kiti alikuambia, "Nitaketi nikimaliza," na hakuna aliyewahi kujua alikuwa anamaliza nini. Mwanamke aliyekuwa tayari kupigana na kata nzima kwa ajili ya usingizi wa mchana hakuwahi kuuonja.

Alikuwa na binti mmoja, aliyekulia nje ya mlango wa nasari akimngoja mama amalize na watoto wa watu. Siku moja, akiwa msichana wa darasa la saba, alikuja kwangu jioni kuomba kiberiti. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Yuko shule, anashona mikeka," akasema. "Mama analaza watoto wa kila mtu, Mwalimu. Mimi najilaza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia leo kuna upepo, akachukua kiberiti, akaenda kuwasha moto. Iliniuma kwa niaba yake. Binti huyo baadaye alisomea unesi, na alikuwa na kumbukumbu nzuri.

Sasa punda. Mwalimu wa Nasari hakuamini saa. Ukutani mwake kulikuwa na ratiba mbili. Ya juu, karibu na paa, ilikuwa ya watu wazima: mistari, vipindi, dakika na mhuri wa shule, na hakuna mtoto aliyewahi kuinua shingo kuitazama. Ya chini, usawa wa macho ya mtoto, ilikuwa michoro ya makaa: mpira, punda, kikombe, kitabu, sahani, mkeka, na punda tena. Jirani yetu mmoja, Mzee wa Punda, aliteremka kila asubuhi chini ya dirisha la nasari kwenda kuchota maji kwenye visima vya mchangani mtoni. Huko alipanga foleni na watu wote wa Kalamba, akarudi mchana punda wakiwa na mitungi. Punda wakiteremka, uji. Punda wakipanda, amkeni. Msimu wa mvua walibeba mbolea badala ya maji, lakini walipita. Mtoto wa miaka minne, asiyejua mkono upi wa kulia, aliweza kukueleza siku yake nzima bila kukosea, wakati mimi na diploma yangu nilikuwa nauliza kengele ya chakula italia lini.

Punda wengine walipita pia, wa mkaa, wa matofali. Hao hawakumsumbua mtu. Punda wa Mzee walivaa kengele ya mkebe wa rangi wenye jiwe ndani, na sauti yake watoto waliijua kama wanavyojua kikohozi cha mama. Wakipita wageni, ungesikia nyuma ya ukuta sauti ndogo yenye usingizi ikisema, "Si wetu." Nyingine ingeitikia, "Si wetu," na mikoromo ikaendelea.

Na mimi ndiye niliyewarithi hao kila Januari. Walifika darasa la kwanza wakijua kungoja zamu, kufuta kamasi, na kuendesha mazishi. Lakini baada ya chakula walilala chini kwenye sakafu yangu, mmoja baada ya mwingine, bila kuomba ruhusa. Nikigonga meza, wa karibu angefungua jicho akanieleza kwa upole, kama mtu mzima anayemwelekeza mgeni, "Mwalimu, punda wetu bado hawajapita." Niliwaonea wivu, na niliwakasirikia kwa sababu hiyohiyo.

Kisha yakaja maendeleo. Bomba la maji lilifika sokoni baada ya kuahidiwa na kila mtu aliyewahi kupanda juu ya gari kutuhutubia. Siku ya kufunguliwa kulikuwa na mahema, ngoma, na hotuba ndefu kuliko bomba. Asubuhi ile Mzee aliteremka mtoni kama kawaida, watoto wakanywa uji. Mchana, akiwa bado kwenye foleni, akasikia kwamba maji yanamwagika sokoni kwa kila mwenye mtungi. Akaacha foleni, akazunguka na punda wake kwa njia ya nyuma, akaenda sokoni na watu wengine wote wenye akili timamu.

Nasari wakalala. Wakubwa wakatoka madarasani, wakaja kuwachukua wadogo zao, wakakuta mlango umefungwa nusu na Mwalimu wa Nasari amesimama na kiondo. Alijiwekea kidole mdomoni ili wanyamaze. Wakangoja. Jua likaanza kushuka. Mimi niliweka chaki chini, nikaenda kumwona.

"Mwalimu, jua linashuka."

"Naliona."

"Waamshe basi watoto waende nyumbani."

"Niliwaahidi punda," akasema.

"Punda wako sokoni, wanakunywa maji ya bomba!"

"Hao watoto hawajui hivyo. Nikiwaamsha leo bila punda, kesho watalala jicho moja likiwa wazi. Na huyo anayelala jicho moja, Madam, hajalala."

Nilichungulia. Karibu wote walishaamka kitambo. Walikuwa wamelala chali juu ya mikeka, mikono kifuani, macho yametazama mabati, wanasikiliza. Hakuna aliyelia na hakuna aliyeinuka. Walikuwa wameahidiwa punda. Sijui kama nilitaka kucheka au kumpiga mtu kofi.

Wazazi walianza kufika kutoka sokoni, wengine bado wamevaa kofia za bure za sherehe. Mama mmoja aliyekuja mbio akidhani mtoto wake ameanguka mtoni alisukuma mlango akapiga mayowe. Hapo ndipo Mzee wa Punda, aliyeitwa na mtu, akatokea bondeni anakimbia na punda wake, kengele ya mkebe inalia. Nasari nzima ikainuka kwa pamoja, ikakunja mikeka, ikatoka nje imetulia, ikiwashangaa watu wazima wanaopiga kelele.

Mkutano wa wazazi uliitwa wiki ileile. Mzungumzaji mkuu alikuwa mzazi mmoja mwenye duka huko Salama, pale njia panda, ambako academy moja ilikuwa imefunguliwa na basi la njano na majoho ya kuhitimu kwa watoto ambao bado wanajikojolea.

"Academy ya hapo Salama, mtoto wa nasari anasoma gazeti ya English," akasema. "Wetu hapa wanasoma nini? Ndoto?"

Watu wakacheka. Akapata moto. "Na mimi nauliza, hii shule headteacher ni nani? Ni huyu, ama ni punda?"

Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Mwalimu wa Nasari alisimama kujitetea, na alikuwa hodari wa kusema na watu wa chini ya miaka sita tu. "Wakichoka, wanalala," akasema. "Si hata nyinyi mkichoka mnalala?" Ilikuwa hoja nzuri mahali pabaya, kwa sababu wazazi kadhaa walikuwa wamelala katika mkutano uliotangulia, wakaona wanatajwa. Ikaamuliwa kwamba mikeka ifungiwe stoo, saa ya ukutani inunuliwe, na mchana uwe wa kusoma. Asipokubali, wangeomba kaunti iwaletee mwalimu mwingine, kijana, mwenye mipango.

Alikubali. Kwa siku chache zilizofuata nilisikia kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia nyuma ya ukuta ule. Mchana wa nasari ulikuwa unalia. Watoto walilala wakiwa wamekaa, wakaanguka, wakaamka, wakagombana, wakalia tena. Mwalimu wao aliimba herufi kwa sauti iliyokauka. Nilikuwa nimeomba miaka mingi mikoromo ile iishe, na sasa ilipoisha nilishindwa kufundisha. Nilitamani kuubomoa ukuta nikawalaze mwenyewe.

Kisha akaja ofisini na ratiba mpya. Alikuwa ameandika yote kwa Kiingereza cha semina, vipindi vyote, kwa rula. Mahali palipokuwa na usingizi palikuwa pameandikwa Quiet Listening and Body Awareness Activities, yaani mazoezi ya kusikiliza kwa utulivu na kuujua mwili. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili kwa furaha iliyoonekana. Wazazi walipoonyeshwa, yule wa Salama aliishika karatasi kwa heshima kama cheti cha shamba.

"Sasa hii ndio kitu," akasema. "Hii hata academy hawana."

Mikeka ikatoka stoo. Saa ya ukutani ilitundikwa karibu na paa, pembeni ya ratiba ya watu wazima, bila betri, ili isisumbue zoezi la kusikiliza.

Likabaki tatizo la punda. Maji yalikuwa sokoni, mto hauna wateja, na Mzee wa Punda alishinda nyumbani na wanyama wake wakitazamana. Mwalimu wa Nasari alimwendea, na mimi niliongozana naye kwa sababu ya udaku.

"Mwaitu, niteremke mtoni kufanya nini?" Mzee akauliza. Alimwita mama kwa Kikamba kama wanavyofanya wazee wenye adabu, hata kwa mwanamke mdogo kwao. "Maji iko hapa sokoni."

"Teremka tu. Halafu upande."

"Na mitungi haina kitu?"

"Watoto hawaangalii mitungi, Mzee. Wanasikiza kengele."

Mzee aliwatazama punda wake. Nadhani nao walikuwa wamechoka kuwa nyumbani. Kesho yake asubuhi waliteremka, mitungi ikigongana mitupu, na mchana wakapanda, mitupu vilevile. Wakaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka. Watumishi wa umma wanaoenda kazini na kurudi bila kubeba chochote tunao wengi, lakini hawa angalau walifika kwa wakati.

Muda wake wa kazi ulipokwisha, tulimfanyia sherehe, tukampa kiti cha kupumzikia cha mninga, na kila mtu alicheka kwa sababu alijua atakitundikia nguo. Aliyemfuata alikuwa kijana, mwenye mipango. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuweka betri kwenye saa. Watoto wanaokuja kwangu Januari siku hizi wanajua herufi zote na hawalali sakafuni. Wananiuliza tu, kila baada ya muda mfupi, kwa wasiwasi, "Mwalimu, sasa tunafanya nini?"

Yeye alichukuliwa na binti yake, nesi, anayefanya kazi Tseikuru, kule juu kabisa Kitui ambako ukiuliza bomba la maji wanakuuliza ni la nini. Nilipata habari zake kwa salamu tu, mpaka binti aliponipigia simu.

"Mwalimu, naomba ukuje. Mama presha imepanda, miguu imefura. Daktari amesema wazi, moyo umechoka, lazima alale kila mchana ama tutampoteza. Na hataki kulala. Nimembembeleza, nimemfokea, nimefunga hata mlango. Ananiambia atalala akimaliza."

"Akimaliza nini?"

"Hata mimi sijui, Mwalimu. Sijawahi kujua."

Nilifunga safari, na Tseikuru si mahali unapopita ukielekea kwingine. Nilimkuta amesimama uani anaokota kuni ambazo hakuna aliyezihitaji, miguu imevimba mpaka viatu vimekatwa visigino. Alinisalimu kama tuliachana jana, akaniuliza kama wale wa Januari bado wanafuta kamasi wenyewe. Kile kiti cha mninga kilikuwa kimetundikwa nguo.

Ndani, ukutani, binti alikuwa amemwandikia ratiba: dawa, uji, jua, kutembea, chakula, kulala, kila kitu na dakika zake, kimepigwa mstari. Ilikuwa ratiba nzuri. Mtu aliyeandika ile alikuwa amelelewa na mwalimu, na alikuwa akimlipa mamaye kwa uangalifu ambao yeye mwenyewe aliukosa utotoni.

"Umeona alivyonifanya?" Mwalimu wa Nasari akasema akiwa mlangoni. "Ameniwekea ratiba ya juu. Hata picha hakuna."

Binti akapakua chakula. Tulikula. Baada ya chakula nilichukua mkeka uliokuwa nyuma ya mlango, nikautandika, nikafunga dirisha nusu.

"Mimi si mtoto, Madam," akasema.

"Hakuna anayelazimishwa kulala," nikamwambia. "Lala chini tu. Macho yatajiamulia."

Alinikodolea macho kama mtu aliyeibiwa mfukoni na jirani yake wa kanisani. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Na utaniamsha saa ngapi?"

Nikatazama nje. Barabarani vumbi lilikuwa linatulia nyuma ya mwanamke aliyeteremka kisimani na punda na mitungi.

"Punda wakipanda," nikasema.

"Ni ahadi?"

"Ni ahadi."

Alilala chali, mikono kifuani, macho yametazama mabati. Nilikiokota kiondo chake kilichokuwa nusu, nikaketi, nikaanza kusuka, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumngoja mtu alale. Nilizunguka mara moja, vibaya. "Umekaza sana," akasema. Nikatazama. Macho yalikuwa yamefumba. Nikalegeza uzi. Kabla sijamaliza mzunguko wa pili pumzi yake ilikuwa imebadilika.

Binti alikuja akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Akateremka taratibu akaketi kizingitini, kama alivyoketi akiwa mtoto nje ya nasari kumngoja mama.

"Sijawahi kumuona amelala," akaninong'oneza. "Usiku nililala kabla yake. Asubuhi nilimkuta ameamka. Maisha yangu yote, Mwalimu."

Alilia kimya, bila kupangusa, akimtazama. Mimi pia nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Tulikaa hapo mwanamke mzee akikoroma kati yetu, mkoromo uleule niliouliani miaka mingi nyuma ya mbao.

Kisha nikasikia kwato. Yule mwanamke alikuwa anapanda kutoka kisimani, mitungi imejaa, inagugumia maji. Binti alinitikisia kichwa, macho yakinisihi nisimwamshe. Lakini nilikuwa nimeahidi, na nilijua mwenye mkeka huu ana maoni gani kuhusu ahadi ya punda. Nikikosea leo, kesho atalala jicho moja, na asiyelala huyo tutamzika. Nikaweka kiondo chini, nikainama kumgusa bega.

Hakufumbua macho. Alisikiliza kidogo zile kwato zisizo na kengele zikipita chini ya dirisha.

"Si wetu," akasema, akageukia ukutani.